Saa za Kazi za Mzimamoto wa Muda na wa Kujitolea Barani Ulaya: Mwongozo Kamili

Vituo vingi vya zimamoto katika miji midogo na vijiji vya Ulaya havina watu wanaokesha kituoni. Anayekimbilia moto ni fundi bomba, mwalimu, dereva wa teksi au mwenye duka, ambaye hutembea na peja na kuacha alichokuwa akifanya mara wito unapotoka. Nchini Ufaransa na Ujerumani wazimamoto wa aina hii ni wengi kuliko walioajiriwa kwa kazi hiyo pekee, na nchini Ireland na Uingereza wamo wanaolipwa posho ya kudumu pamoja na ujira wa kila tukio wanalohudhuria. Msomaji wa Kiswahili anayeishi katika nchi hizo na kutaka kujiunga na kikosi cha mtaa wake atakutana mapema na swali ambalo hata makamanda wa vituo hulijibu kwa kusitasita: je, saa anazokaa nyumbani akisubiri wito ni saa za kazi au ni mapumziko yake?

Jibu hilo lina uzito, kwa kuwa Agizo la Saa za Kazi la Umoja wa Ulaya, namba 2003/88, linaweka kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki, linataka mapumziko ya saa 11 mfululizo katika kila saa 24, na linaongeza mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Saa za kusubiri zikihesabiwa kuwa kazi, mzimamoto mwenye ajira nyingine huvuka kikomo hicho kwa urahisi. Zisipohesabiwa, anaweza kuonekana amepumzika usiku kucha ilhali hakuthubutu hata kutoka nje ya mtaa wake. Hatua zifuatazo zinamsaidia mzimamoto, na pia kiongozi wa kituo anayepanga zamu, kupima hali yake kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Thibitisha kama sheria inakutambua kuwa mfanyakazi

Jina la "kujitolea" halimtoi mtu nje ya ulinzi wa sheria. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo waziwazi tarehe 21 Februari 2018, katika kesi kati ya mji wa Nivelles nchini Ubelgiji na mzimamoto wake Rudy Matzak. Matzak alikuwa na ajira yake katika kampuni binafsi, na kwa sheria ya nchi yake alihesabiwa kuwa mzimamoto wa kujitolea. Mahakama ilitazama mambo yaliyo chini ya jina hilo: anafanya kazi halisi, chini ya maelekezo ya mtu mwingine, na analipwa kwa kazi hiyo. Mwenye sifa hizo ni mfanyakazi mbele ya sheria ya Umoja, hata kama nchi yake imempa cheo kingine. Ufaransa, kwa mfano, iliweka katika sheria ya tarehe 20 Julai 2011 kwamba shughuli za mzimamoto wa kujitolea haziongozwi na sheria ya kazi ya nchi hiyo, lakini tamko la namna hiyo haliwezi peke yake kufuta tafsiri ya Ulaya.

Kwa hiyo, chukua mkataba au fomu uliyosaini na ujibu maswali matatu: nani anakupa amri, nani anaweza kukuadhibu usipofika, na unapokea nini. Ukipokea kiasi kwa kila saa au kwa kila tukio, uko karibu sana na hali ya Matzak. Ukirudishiwa nauli na gharama za sare tu, kama ilivyo kwa wengi katika vikosi vya kujitolea vya Ujerumani, hoja ya kuwa mfanyakazi inadhoofika, na ulinzi wako unabaki zaidi katika sheria za zimamoto za jimbo unaloishi. Sheria hizo kwa kawaida humtaka mwajiri wako akuruhusu kuondoka kwenda kwenye tukio na aendelee kukulipa mshahara, kisha halmashauri imrudishie mwajiri fedha hizo.

Wapo wanaodai kwamba zimamoto, kama jeshi na polisi, haiguswi na sheria hizi kabisa. Dai hilo lilikwisha jibiwa mwaka 2005, katika shauri lililohusu kikosi cha zimamoto cha Hamburg: shughuli za kawaida za wazimamoto ziko ndani ya sheria, na kinachoweza kusamehewa ni matukio ya kipekee yenye ukubwa usio wa kawaida, kama vile maafa makubwa, ambapo usalama wa umma hauwezi kungoja ratiba.

Hatua ya 2: Gawa saa zako katika mafungu

Andika saa za wiki moja ya kawaida, kisha uzitenge. Fungu la kwanza ni muda wa matukio yenyewe, kuanzia wito hadi vifaa vinaposafishwa na kurudishwa mahali pake. Huo ni muda wa kazi bila ubishi. Fungu la pili ni mazoezi na mafunzo ya lazima. Haya pia ni kazi, hata yakifanyika nje ya saa za kawaida na mbali na kituo. Tarehe 28 Oktoba 2021 Mahakama iliamua hivyo katika kesi kutoka Romania, ya mtumishi wa huduma ya dharura ya halmashauri aliyepelekwa kwenye mafunzo ya saa 160, ambazo 124 kati yake ziliangukia nje ya saa zake za kawaida za kazi.

Fungu la tatu ni kusubiri ukiwa kituoni. Tangu hukumu mbili zilizowahusu madaktari, ya mwaka 2000 kutoka Hispania na ya mwaka 2003 kutoka Ujerumani, kukaa mahali pa kazi kwa amri ya mwajiri ni kazi hata ukiwa umelala kitandani. Hata muda wa kula unaweza kuingia humo: mzimamoto wa kampuni ya usafiri ya jiji la Prague alitakiwa kuwa tayari kuondoka ndani ya dakika 2 wakati wa mapumziko yake ya nusu saa, na Mahakama ikaona kwamba masharti ya namna hiyo yanaweza kuyageuza mapumziko kuwa saa za kazi. Fungu la nne, yaani kusubiri ukiwa nyumbani au popote upendapo, ndilo lenye mgogoro.

Hatua ya 3: Pima jinsi zamu ya nyumbani inavyokubana

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na hapa ndipo ninaposhauri msomaji atumie muda mwingi zaidi. Sheria ya Umoja haina daraja la kati: kila saa ni ya kazi au ni ya mapumziko. Kigezo ni kama masharti uliyowekewa yanapunguza kwa kiasi kikubwa sana uwezo wako wa kupanga muda wako kwa uhuru na kujishughulisha na mambo yako.

Matzak alitakiwa awepo nyumbani wakati wa zamu na afike kituoni ndani ya dakika 8. Zamu hizo zilimjia wiki moja katika kila wiki nne, jioni na mwisho wa juma. Mahakama iliona kwamba mtu aliyefungwa kwenye nyumba yake kwa dakika 8 hana nafasi ya kushughulika na maisha yake, na saa zake za kusubiri ni saa za kazi.

Mzimamoto wa Dublin, ambaye hukumu ya tarehe 11 Novemba 2021 inamtaja kwa herufi za MG, alikuwa na muda mfupi vilevile: alitakiwa ajitahidi kufika ndani ya dakika 5, na kwa vyovyote asizidi dakika 10. Mtu angetarajia jibu lilelile. Hata hivyo MG hakulazimika kuwa mahali maalumu. Aliruhusiwa kufanya kazi nyingine, na kweli alikuwa dereva wa teksi. Na hakulazimika kuitikia kila wito, mradi ahudhurie asilimia 75 ya matukio. Mahakama ilisema kwamba uhuru wa kufanya kazi nyingine na wa kuacha baadhi ya miito unaweza kuonyesha kuwa masharti hayambani kupita kiasi, na kwamba katika hali hiyo saa za kusubiri si saa za kazi. Neno la mwisho liliachwa kwa mahakama ya kazi ya Ireland, iliyokuwa imepeleka swali.

Katikati ya kesi hizi mbili iko hukumu ya tarehe 9 Machi 2021 kuhusu ofisa wa zimamoto wa Offenbach am Main nchini Ujerumani, ambaye alitakiwa afike kwenye mpaka wa mji ndani ya dakika 20, akiwa amevaa sare na akitumia gari la kikosi lenye haki ya kupita foleni. Kesi hiyo ilitoa orodha ya mambo ambayo mpimaji hapaswi kuyaruka. Kwanza ni muda wa kuitikia: dakika chache zinaelekea upande wa kazi, ingawa gari lenye king'ora hupunguza ukali wa muda mfupi. Pili ni wastani wa idadi ya miito wakati wa zamu, kwa maana mtu anayeitwa mara kwa mara hawezi kupanga jambo lolote. Lakini uchache wa miito peke yake hauondoi hadhi ya kazi endapo muda wa kuitikia ni mfupi mno. Tatu, ugumu unaotokana na uchaguzi wako mwenyewe hauhesabiwi. Ukihamia kijiji cha mbali kwa hiari yako kisha dakika 20 zikakutosha kwa shida, tatizo hilo ni lako. Vivyo hivyo ikiwa mtaa unaosubiria hauna sehemu za burudani.

Kwa vitendo, kaa na masharti ya kituo chako na uandike majibu ya maswali haya: muda wa kuitikia ni dakika ngapi, na unahesabiwa hadi wapi? Je, lazima uwe nyumbani, au ndani ya eneo fulani tu? Unaruhusiwa kufanya kazi nyingine wakati huohuo, na je, unaweza kuifanya kweli au ni ruhusa ya kwenye karatasi? Unaweza kukataa wito bila adhabu, na kwa kiwango gani? Umeitwa mara ngapi katika miezi sita iliyopita? Soma majibu yote kwa pamoja, kwa sababu hakuna hata moja linaloamua peke yake.

Kwa viongozi wa vituo naongeza neno. Wengi walipokea hukumu ya Matzak kwa hofu kwamba vikosi vya vijijini vitafungwa. Kesi ya Dublin inaonyesha njia iliyo bora kuliko hofu hiyo: orodha pana ya watu, haki ya kuacha sehemu ya miito, na uhuru wa kuwa popote ndani ya umbali unaofaa. Mpangilio huo humlinda mzimamoto na pia hukiacha kituo kikiwa hai. Kinachodhuru ni kuwafunga watu wachache majumbani mwao kwa dakika 8 na kuziita saa hizo mapumziko.

Hatua ya 4: Kokotoa wastani wako

Kikomo cha saa 48 si cha kila wiki peke yake. Ni wastani wa kipindi ambacho kwa kawaida ni miezi minne. Kwa huduma kama zimamoto, nchi inaweza kukirefusha hadi miezi sita, na makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na wafanyakazi yanaweza kukifikisha miezi kumi na miwili. Likizo ya mwaka na siku za ugonjwa haziingizwi kwenye hesabu, ili zisishushe wastani kwa uongo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ana ajira ya saa 38 kwa wiki, mazoezi ya zimamoto ya saa 2, na wiki moja katika kila wiki nne ana zamu ya kusubiri. Katika wiki hiyo, Jumatatu hadi Alhamisi husubiri kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, ambazo ni saa 48. Kisha kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa nyingine 60. Jumla ni saa 108, na zikigawanywa kwa wiki nne ni wastani wa saa 27. Ikiwa zamu yake inafanana na ya Nivelles, wastani wake wote ni 38 na 2 na 27, yaani saa 67 kwa wiki. Ikiwa inafanana na ya Dublin, huhesabiwa matukio tu. Tuseme wastani wa saa 3 kwa wiki, na jumla inakuwa 43. Mtu ni yuleyule na wiki ni zilezile, lakini hesabu moja imevuka kikomo kwa saa 19 na nyingine iko chini yake kwa saa 5.

Hatua ya 5: Linda mapumziko baada ya wito wa usiku

Aliyetoka kwenye moto saa tisa usiku na kuingia kiwandani saa moja asubuhi hajapata saa 11 mfululizo. Sheria inaruhusu huduma ya zimamoto kuvunja mpangilio wa kawaida wa mapumziko, ila kwa sharti la kutoa mapumziko ya kufidia yanayolingana, na hukumu ya mwaka 2003 iliyotajwa hapo juu ilisema kwamba fidia hiyo ifuate mara baada ya kazi, isiahirishwe hadi mwezi ujao. Kabla ya kujiunga, kubaliana kwa maandishi na mwajiri wako wa mchana kuhusu saa utakayoingia kazini baada ya usiku wa tukio. Hili ni suala la uhai, kwa maana uchovu huua njiani na kwenye mashine kama moto unavyoua.

Madereva wa malori na mabasi wawe waangalifu zaidi. Kanuni ya Ulaya namba 561/2006 inamtaka dereva arekodi muda aliotumia katika kazi nyingine, hata isiyohusu usafirishaji, na muda huo hauwezi kuwa sehemu ya mapumziko yake ya siku.

Hatua ya 6: Jua nchi yako inavyowajumlisha waajiri wawili

Mkataba zaidi ya mmoja na mwajiri mmoja hujumlishwa katika kupima mapumziko ya siku. Mahakama ilisema hivyo tarehe 17 Machi 2021 katika kesi ya chuo kimoja cha Bucharest. Kwa waajiri tofauti, nchi hazifanani. Ireland inajumlisha: Sheria ya Mpangilio wa Saa za Kazi ya mwaka 1997 inamkataza mwajiri kumtumia mtu ambaye jumla ya saa zake kwa waajiri wote inapita kikomo. Ndiyo sababu MG aliruhusiwa kuendesha teksi kwa sharti kwamba wastani wake usizidi saa 48. Mjulishe kila mwajiri kuhusu mwingine, na uhifadhi nakala ya barua.

Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya aliyepewa kibali chenye kikomo cha saa za kazi, ambacho nchini Ireland ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, aulize kwanza mamlaka ya uhamiaji, kwa kuwa kazi ya zimamoto yenye malipo ni kazi kama nyingine.

Hatua ya 7: Tenganisha saa na malipo

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kwamba saa ikiitwa ya kazi basi lazima ilipwe kama saa nyingine. Agizo la Ulaya linalinda afya na usalama, halipangi mishahara. Katika hukumu ya Matzak Mahakama ilieleza kwamba nchi iko huru kulipa saa za kusubiri kwa kiwango tofauti na saa za kuzima moto. Dai la malipo litafute msingi wake katika sheria ya nchi, katika mkataba, au katika makubaliano ya chama cha wafanyakazi.

Walio nje ya Umoja wa Ulaya: Uingereza na Marekani

Uingereza ingali na Kanuni za Saa za Kazi za mwaka 1998, zenye wastani wa saa 48 unaopimwa kwa wiki 17, na mfanyakazi anaweza kusaini kwamba anakubali kuzidisha. Saini hiyo ni ya hiari, huwezi kuadhibiwa kwa kuikataa, na inaweza kufutwa kwa taarifa ya siku 7, au hadi miezi mitatu ikiwa mliandikiana hivyo. Hukumu ya Nivelles ilitolewa kabla Uingereza haijatoka kabisa mwishoni mwa 2020, na ile ya Dublin baada yake, hivyo mahakama za Uingereza hazifungwi na hiyo ya pili. Katika usawa wa wafanyakazi wa muda, hukumu kubwa ni ya mwaka 2006, ambapo Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, lilikubali kwamba wazimamoto wa muda wa Kent wanaweza kulinganishwa na wenzao wa kudumu.

Marekani haina kikomo cha jumla cha saa kwa watu wazima katika sheria yake ya shirikisho. Ina malipo ya ziada. Kwa wazimamoto wa serikali za mitaa, saa za ziada zinaweza kuanza kuhesabiwa baada ya saa 212 katika kipindi cha siku 28. Anayejitolea anaweza kupokea gharama, marupurupu ya kiasi na posho ndogo bila kugeuka kuwa mwajiriwa, lakini aliyeajiriwa na halmashauri kuwa mzimamoto hawezi kujitolea kwa kazi ileile katika halmashauri hiyohiyo. Anaweza kujitolea katika halmashauri nyingine.

Hatua ya 8: Weka kumbukumbu, kisha udai

Tangu tarehe 14 Mei 2019 waajiri wa Umoja wa Ulaya wanatakiwa kuwa na mfumo wa kupima saa za kila siku za kila mfanyakazi. Wewe nawe weka daftari lako: tarehe, saa ya wito, saa ya kufika, saa ya kuachiliwa, na saa uliyoingia kwenye kazi nyingine siku iliyofuata. Anza kwa barua kwa kiongozi wa kituo, ukieleza masharti ya zamu na hesabu ya wastani, ukiomba ratiba ibadilishwe. Shirikisha chama cha wafanyakazi mapema. Angalia muda wa kufungua shauri, kwa sababu ni mfupi. Nchini Ireland ni miezi sita tangu haki ilipovunjwa, na unaweza kuongezwa hadi miezi kumi na miwili kwa sababu ya msingi.

Usiogope kuhamishwa au kunyimwa zamu kwa kuwa umedai. Günter Fuß, mzimamoto wa kudumu wa mji wa Halle nchini Ujerumani, alikuwa akifanya wastani wa saa 54 kwa wiki, na alipoomba kikomo cha saa 48 kiheshimiwe, alihamishwa bila ridhaa yake. Mwaka 2010 Mahakama iliamua kwanza kwamba uhamisho huo ulikiuka haki yake, kisha katika hukumu ya pili ikasema kwamba mfanyakazi wa umma aliyezidishiwa saa anaweza kudai fidia moja kwa moja, na kwamba nchi haiwezi kumnyima kwa kisingizio kuwa hakupeleka kwanza ombi kwa mwajiri. Fidia hiyo yaweza kuwa fedha au muda wa kupumzika, kadiri sheria ya nchi itakavyopanga, mradi ilingane na hasara aliyoipata.